Usawa katika Mashindano ya Glaida za Zamani

Glaida, yaani ndege isiyo na injini ambayo huvutwa kwa kamba hadi angani kisha ikaachwa ijitegemee, hupimwa ubora kwa kulinganisha umbali inaosafiri na kimo inachopoteza. Ka 6 ya Kijerumani, iliyoundwa kwa mbao na kuruka mara ya kwanza mwaka 1955, ikishuka mita 1,000 katika hewa tulivu husafiri takriban kilomita 30, ilhali glaida nyingi za kisasa za mashindano hukaribia kilomita 50 kwa kimo hichohicho. Marubani wa ndege hizo mbili wakishindanishwa bila marekebisho yoyote, matokeo hayapimi tena ustadi wa kusoma mawingu na kuitafuta mikondo ya hewa moto inayopaa, bali hupima uwezo wa kununua.

Ndiyo maana Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga (FAI) lina Daraja la Klabu, ambalo mashindano yake ya dunia yalianza mwaka 2001 nchini Australia, na ambamo glaida kama Standard Cirrus, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1969, hushindana kwa haki. Kila aina ya glaida hupewa namba ya usawazishaji, na kasi ya rubani hugawanywa kwa namba hiyo kabla ya alama kutolewa. Maji ya kuongeza uzito, ambayo katika madaraja mengine hubebwa mabawani ili ndege iende kasi zaidi, hayaruhusiwi.

Ugumu ni kwamba namba ni moja, ilhali siku hazifanani. Tuseme glaida ya zamani ina wastani wa kilomita 80 kwa saa na ya kisasa 100, na namba zao ni 0.8 na 1. Siku isiyo na upepo zinalingana kabisa. Lakini upepo wa kilomita 20 kwa saa ukivuma katika safari ya kilomita 100 kwenda na 100 kurudi, glaida ya zamani hutumia saa 2 na dakika 40, ya kisasa saa 2 na dakika 5. Baada ya kugawanya, ya kwanza hupewa kasi ya takriban 94 na ya pili 96, ingawa marubani wote wawili wameruka kwa ustadi uleule. Upepo unaosukuma wakati wa kurudi haufidii muda uliopotea wakati wa kwenda, na mwenye ndege ya polepole ndiye anayepoteza zaidi.

Nguvu ya mikondo nayo huivuruga hesabu. Nadharia ya Paul MacCready wa Marekani, bingwa wa dunia wa mwaka 1956, inaeleza kwamba kadiri mkondo unaotarajiwa mbele unavyokuwa na nguvu, ndivyo inavyofaa kuukimbilia kwa kasi zaidi, na ni katika kasi hizo kubwa ndipo glaida ya zamani hupoteza kimo upesi. Siku ya mikondo dhaifu mambo hugeuka, kwa kuwa ndege nyepesi huzunguka polepole katika duara jembamba na kupanda vizuri, hivyo namba iliyokusudiwa kuisaidia huweza kuizidishia.

Kuna dhuluma nyingine isiyoonekana katika karatasi ya alama: wote wakipewa njia yenye urefu mmoja, glaida ya zamani hubaki angani hadi jioni, mikondo inapokufa, na rubani wake hulazimika kutua shambani wakati mwenzake amekwisha kurudi. Dawa bora ya hili ni kusawazisha umbali badala ya kasi, ambapo kila kituo cha kugeukia huzungukwa na duara ambalo ni kubwa zaidi kwa ndege ya polepole, ili igeuke mapema na wote watumie anga ileile kwa muda uleule. Utaratibu huu hauondoi athari ya upepo, kwa hiyo waandaaji wanapaswa kuingiza kasi ya upepo wa siku hiyo katika hesabu, kazi ambayo kompyuta huimaliza mara moja.

Wamiliki wa Schweizer 1-26 nchini Marekani walichagua njia iliyo safi kuliko zote, yaani kushindana kwa aina moja tu ya ndege, lakini njia hiyo humfungia mlango kila mwenye aina nyingine. Daraja la Klabu huupunguza mzigo wa namba kwa kukubali tu glaida ambazo uwezo wao haujaachana sana, na mpaka huo ukitanuliwa ili kuongeza idadi ya washiriki, hakuna hesabu itakayoweza kuziba pengo litakalofunguka kati ya ndege ya mbao na ile ya nyuzi za kaboni.