Kichocho cha Rumonge huziba njia ya damu kwenye ini

Mchuuzi anayeshukia Rumonge kuchukua mawese au ndagala hukanyaga maji kabla ya kukanyaga nchi kavu. Kwenye kingo zenye majani ndiko waliko konokono wanaoeneza kichocho cha tumbo.

Minyoo yake hukaa ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Mayai husombwa hadi kwenye ini na kuacha makovu. Damu ikikosa njia hurudi nyuma: bandama huvimba, mishipa ya umio hutanuka, na siku ikipasuka mgonjwa hutapika damu.

Anayepandikizwa ini jipya hufungwa mishipa ya mchepuko iliyo mikubwa, damu isilipite ini hilo. Kwa kichocho ni nadra kufika huko, kwani ini hili lenye makovu huendelea kufanya kazi kwa miaka. Mishipa ya umio hufungwa kwa vipira, pamoja na dawa za kushusha shinikizo.

Rahisi zaidi ni kumeza prazikwanteli mapema, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Ugawaji hulenga zaidi watoto wa shule. Anayevuka kati ya Rumonge, Kigoma na Baraka aulizie mwenyewe kituo cha afya. Akirudi majini, huweza kuambukizwa tena.