Panya, Nikotini na Kujifunza: Jibu kwa Swali la Kitswamba

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la kidato cha nne katika shule moja ya Kitswamba, wilayani Kasese, nikimkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa akifundisha ufahamu. Kifungu kilihusu madhara ya sigara. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona tunasikia sigara inafungua akili? Wenzetu wanavuta usiku ili wasome." Darasa likacheka. Mwanafunzi wetu akajibu kwamba sigara ni mbaya, kisha akaendelea na msamiati. Baada ya kipindi sikumlaumu, kwa sababu hata mimi sikuwa na jibu bora. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Jibu lenyewe linaanza na panya. Wanafunzi wa isimu tumizi wanamfahamu B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeweka panya ndani ya kisanduku chenye wenzo. Panya akibonyeza wenzo, chakula kinadondoka. Baada ya muda anabonyeza tena na tena. Mwaka 1957 Skinner alijaribu kueleza lugha ya binadamu kwa njia hiyo hiyo ya kichocheo, mwitiko na tuzo, na mwaka 1959 Noam Chomsky akampinga vikali. Sisi walimu wa lugha tulipomaliza kusoma mjadala huo tuliwaacha panya pale pale. Hata hivyo, katika kueleza jinsi mazoea yanavyojengeka, panya hao bado wana mengi ya kutufunza.

Mfano ulio karibu nasi uko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Kwanza panya husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula. Akishaelewa kwamba mlio huleta chakula, hufundishwa kwamba mlio hupatikana anapotambua harufu inayotakiwa. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi ya kutafuta mabomu Kamboja, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Ndugu msomaji, zingatia jambo moja hapa: mlio si chakula. Hauliwi wala haushibishi. Lakini panya huufanyia kazi kwa kuwa umekuwa ishara ya tuzo.

Sasa tuje kwenye nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu. Ikifika kwenye ubongo hushika vipokezi vya kemikali ya asili iitwayo asetilikolini, na kwa njia hiyo huongeza dopamini, kemikali inayoshiriki katika kuufundisha ubongo ni kitu gani cha kutafutwa tena. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo panya walidungwa nikotini kwa siku kadhaa mfululizo, wakaachishwa, ndipo wakafundishwa kuhusisha ishara na tuzo. Panya waliowahi kupata nikotini waliikimbilia ishara kuliko wenzao ambao hawakuipata. Katika jaribio jingine, panya waliowahi kupata nikotini walifanya kazi kwa bidii zaidi ili kupata ishara yenyewe.

Mtu anaweza kurukia hitimisho na kusema, "Basi yule kijana alikuwa sahihi!" La hasha. Tutofautishe mambo mawili. Panya hao hawakuonyesha kwamba wana akili zaidi katika kila jambo. Kilichoongezeka ni mvuto wa ishara za tuzo. Kwa mvutaji, ishara hizo ni nini? Ni mlio wa kiberiti, harufu ya moshi, kibanda cha muuzaji, rafiki fulani, na hata daftari analolifungua usiku huku sigara ikiwaka. Katika mwili wa binadamu nikotini hupungua kwa nusu kwa takriban saa mbili tu, lakini alichojifunza ubongo kuhusu ishara hizo hakiondoki kwa saa mbili. Ndiyo maana mtu aliyeacha kwa miezi mingi huona kiberiti tu akashikwa na hamu.

Umri nao una uzito wake. Watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, waliwapa nikotini panya waliokuwa katika umri unaolingana na ujana, wakaiondoa, kisha wakawapima walipokuwa wakubwa. Panya alitakiwa kutazama matundu matano na kuingiza pua katika lile lililomulika taa kwa muda mfupi sana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2011 yalionyesha kwamba waliopata nikotini ujanani walikuwa na umakini mdogo na waliharakia kujibu kabla ya taa kuwaka. Waliopewa wakiwa wamekwisha kukomaa hawakupata dosari hiyo ya kudumu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kumbe nikotini nayo inaijua methali hiyo.

Ni kweli kwamba panya si binadamu. Hanunui sigara, hashawishiwi na marafiki wala haogopi mtihani. Lakini njia za ubongo zinazohusika na tuzo zinafanana vya kutosha kutupa tahadhari. Mvutaji anayekosa sigara hukosa utulivu. Akivuta, utulivu hurudi, naye hudhani amefunguliwa akili. Mara nyingi amerudishiwa tu kile alichokuwa amenyang'anywa na sigara ya awali.

Hivyo basi, jibu ambalo ningempa kijana wa Kitswamba ni hili: "Sigara itakufundisha kweli, lakini somo lake ni kuitafuta sigara. Nawe uko katika umri ambao somo hilo hushika sana." Pia ningemkumbusha kwamba Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 21.

Kwetu walimu, kuanzia Kitswamba hadi Bwera mpakani, kuna funzo la ziada. Mwanafunzi akiuliza swali la kweli katika kipindi cha ufahamu, tusikimbilie msamiati. Maneno kama kichocheo, tuzo, ishara na uraibu yanatosha kumweleza sayansi hii kwa Kiswahili, naye atayakumbuka vizuri zaidi kwa kuwa yamejibu jambo lililokuwa likimsumbua.