Saa Iliyochelewa Saa Moja Kamili

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka sokoni Arua, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa. "Mjomba, kuna mzee hapa anauza saa ya mkono. Ya zamani, Seiko. Elfu sabini tu. Nichukue?"

Sogeeni karibu, watoto, maana hii nitaisimulia polepole, na ndani yake mimi mwenyewe nitaonekana mjinga.

Afadhali haikuwa Rolex. Hapa Uganda ukitaja rolex mtu humeza mate, kwa sababu anachokiona ni chapati iliyoviringishiwa mayai, si saa kutoka Uswisi. Seiko ni ya Japani, na jina lake haliliki.

Kijana alikuwa na elfu themanini, jasho la likizo nzima ya kufyatua matofali kwetu Lurujo. Nami siku hiyo nilikuwa Arua kwa shughuli zangu, nikamwambia asubiri, asitoe hata shilingi. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya gunia lililotandazwa mikanda, betri, redio ndogo na miwani. Nyuma ya gunia alikaa mzee mwenye kofia, mtulivu.

Saa ilikuwa nzuri, siwafichi. Mwili wa chuma, uso wa rangi ya majivu, kioo kimechubuka kidogo. Chini ya jina kulikuwa na ngao ndogo yenye namba 5. Hiyo 5 ni ahadi ya kiwanda tangu mwaka 1963: saa inajijaza yenyewe ukiivaa, siku na tarehe zinakaa kwenye dirisha moja, inahimili maji, kifungo chake cha pembeni kimejificha penye namba 4, na mwili na mkanda wake ni wa kudumu. Ahadi hizo ni za saa mpya, lakini. Saa ya umri wa babu usiende nayo kuoga mtoni Enyau.

Nikatoa simu nilinganishe. Simu ilisema saa nne na dakika arobaini. Saa ya mzee ilisema saa tatu na dakika arobaini. Nikamrudishia.

"Mbovu hii," nikamwambia mpwa wangu, kwa sauti ya mtu anayejua mambo. "Imechelewa saa nzima. Ndiyo maana anaiuza bei ya kutupa."

Mzee hakubisha. Alitabasamu tu, na tabasamu lile lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili asubuhi ile. Lakini kijana aling'ang'ania. Akamwomba mzee tuipeleke kwa fundi, naye akakubali: tumwachie elfu sabini kama rehani, turudishe saa au tumwachie pesa kesho yake adhuhuri. Alikuwa analala mjini siku mbili.

Fundi saa alikuwa barazani mwa duka, na meza yake ndogo iliyozibwa kioo pande tatu ili upepo usimwibie skrubu. Alipachika lenzi jichoni.

"Inachelewa dakika ngapi?"

"Saa moja," nikasema.

"Saa moja na ngapi?"

Nikaangalia tena simu. "Saa moja kamili."

Fundi akacheka mpaka lenzi ikamdondoka. "Saa mbovu haina adabu hiyo! Saa mbovu itakosa dakika saba leo, kumi na moja kesho, keshokutwa ilale kabisa. Haiwezi kukosa saa moja kamili halafu itulie hapo kama askari wa gwaride. Huyo mzee katoka wapi?"

"Ariwara," akajibu mpwa wangu.

Basi mmeshaelewa. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa. Ariwara iko Kongo, hapo tu ng'ambo, na mashariki ya Kongo saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Sudan Kusini nao walirudisha saa zao nyuma tarehe 1 Februari 2021, kwa hiyo siku hizi ukitoka Koboko ukavuka Oraba kuingia Kaya, unapewa saa moja ya bure. Ukirudi, Uganda inakunyang'anya. Wazee wetu walizoea mambo haya. Nchi hii yetu ilikuwa chini ya Mfalme Leopold, yule wa Kongo, ikapewa Sudan mwaka 1910, ikapewa Uganda mwaka 1914. Watu walikaa palepale na mihogo yao. Mpaka ndio uliokuwa unatembea.

Kwa hiyo saa ile ilikuwa inasema kweli, ila ilikuwa kweli ya Ariwara.

Hapo fundi akaanza kazi yenyewe. Kwanza alimwonyesha kijana mshale wa sekunde. Saa ya betri mshale wake huruka mara moja kila sekunde, tik, ukapumzika, tik. Huu ulikuwa unateleza. Kwa kweli hautelezi. Unapiga hatua ndogo sita kila sekunde, jicho linaziunganisha. Mpwa wangu alikuwa amejaribu kukizungusha kile kifungo ili aitie saa ufunguo, akaona hakishiki kitu, akahofia ameivunja. Fundi akamwambia aina hii haitiwi ufunguo kwa vidole. Ndani mna kipande cha chuma kama nusu sahani, nacho huzunguka kila mkono unapocheza na kukaza springi. Ukiivua ukaitupa kabatini, baada ya siku moja au mbili inasimama, na huo si ugonjwa.

Kisha akaigeuza mgongo. Namba ya aina yake ilianza na 6119. Chini yake, namba nyingine iliyoanza na 1, ikafuatwa na herufi N. Fundi aliisoma kama anavyosoma barua: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na inayofuata ni mwezi, 1 hadi 9, halafu O kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Mwaka unaoishia na 1 ungeweza kuwa 1971 au 1981, lakini mashine ya 6119 ilikuwa imeshaachwa kabla ya 1981. Novemba 1971, basi. Watu wa Koboko hawahitaji kukumbushwa mwaka huo: tarehe 25 Januari Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa huko, alichukua serikali Kampala. Miezi kumi baadaye, Japani, mtu fulani alifunga kifuniko cha saa hii.

Akaifungua. Ndani, kwenye kile chuma kinachozunguka, 6119 tena. Namba za nje na za ndani zinapatana. Msilione jambo dogo. Zipo Seiko nyingi ambazo mafundi wa Mumbai huzipaka uso upya, rangi ya chungwa au buluu ya kuwaka, maandishi manene yaliyopinda, mwili wa saa moja na tumbo la nyingine. Zinatembea, na wengine wanazipenda. Ila usizilipie bei ya saa iliyozeeka na uso wake mwenyewe. Ukiona mwili umekwaruzika miaka hamsini na uso unang'aa kama sufuria ya harusi, uliza.

Mpwa wangu akaona droo ya fundi, mna saa kuukuu zaidi, namba zake zimepakwa rangi iliyogeuka kahawia. Akanyoosha mkono. Fundi akaifunga droo haraka. Saa nyingi za zamani za vita vya pili vya dunia, alisema, ziliwekwa radiamu ili zisomeke gizani. Rangi inaacha kung'aa, lakini radiamu yenyewe inabaki na sumu yake kwa mamia ya miaka. Kule New Jersey, Marekani, kuanzia mwaka 1917, wasichana wa kiwandani walikuwa wakizichonga ncha za brashi kwa midomo yao huku wakipaka rangi hiyo. Taya zao zilioza, na wengi walikufa. Saa ya namna hiyo haifunguliwi nyumbani, wala uso wake haukwanguliwi. Hii ya mwaka 1971 haikuwa na radiamu.

"Sasa nenda kalale nayo," fundi akasema. "Mimi nimeiona sura. Tabia utaiona wewe."

Kijana alilala kwangu. Kila baada ya saa tatu aliandika kwenye daftari: simu inasema hivi, saa inasema hivi. Aliivaa jioni, akaiweka kitandani uso juu usiku, akaamka mara mbili na tochi. Sijawahi kumwona akisoma hesabu hivyo. Kufikia asubuhi, ukiacha ile saa moja ya Ariwara, ilikuwa imepoteza dakika tano.

"Mafuta yamekauka," fundi akasema alipoona daftari. Kuisafisha na kuitia mafuta, elfu thelathini.

Sabini na thelathini ni mia, naye ana themanini. Hapo ndipo nilipomnong'oneza, na mniwie radhi: "Mwambie mzee inachelewa saa nzima. Atashusha bei."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto. "Mzee anaijua saa ya kwao, Mjomba. Nitamwambia dakika tano."

Tukarudi kwa mzee, kijana akamfungulia daftari. Mzee aliisoma mistari yote kwa kidole, hata ile ya saa nane usiku. Akauliza nani aliyeiandika. Akashuka hadi sitini, kijana akamweleza gharama ya fundi na pesa aliyonayo yote. Mzee akakaa kimya kidogo, akahesabu noti mbili za kumi kumi kutoka kwenye ile rehani, akazirudisha.

Halafu akaichukua saa, akavuta kifungo ili aisogeze mbele iwe ya Uganda, kama mtu anayemvalisha mgeni nguo za mji.

"Acha hivyo hivyo, baba," mpwa wangu akasema. "Fundi bado anaihesabu."