Mizani Inasoma, Kompyuta Iko Kimya: Tufanye Nini?



Sisi wa Makanya tunaijua jasi. Tunaichimba, tunaipakia kwenye malori, nayo inakwenda kwenye viwanda vya saruji. Huko huichanganya kidogo na saruji ili isigande upesi kabla fundi hajamaliza kazi yake. Jasi huuzwa kwa tani. Basi fedha ya mchimbaji, ya mpakiaji na ya mwenye lori inatokana na namba moja tu: uzito.

Zamani karani alisoma namba kwenye mizani, akaiandika kwenye daftari. Siku hizi, mahali pengi, mizani ya malori imeunganishwa na kompyuta kwa waya. Namba inapita kwenye waya, inaingia kwenye kompyuta, kisha karatasi inachapwa. Mara nyingi kompyuta yenyewe ni laptopu ya zamani, iliyoachwa pale kwa sababu ina tundu linalofaa waya wa mizani.

Sasa je, lori likipanda mizani, namba ikaonekana kwenye kisanduku cha mizani, lakini kompyuta isionyeshe kitu? Foleni inarefuka. Mmoja anasema mizani imekufa. Mwingine anasema, "Tukadirie tu, twende." Hapo ndipo watu wanapopunjwa. Leo tueleze tundu hilo linavyofanya kazi, na jinsi ya kutafuta ubovu hatua kwa hatua.

TUNDU LA SIRIALI NI NINI?

Tundu hili huitwa tundu la siriali. Maana yake ni "moja baada ya moja". Namba haipiti yote kwa pamoja. Inakatwa kuwa ishara ndogo ndogo za umeme, nazo zinapita kwa mstari, kama watu wanaovuka daraja la mti mmoja. Upande wa pili kompyuta inazipokea na kuzipanga tena kuwa namba.

Kanuni za njia hii ziliwekwa Marekani mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Ni njia ya zamani, lakini ni imara, ndiyo maana mizani nyingi zinaitumia mpaka leo. Laptopu mpya nyingi hazina tundu hili. Zina tundu dogo la USB, lililoanza kutumika mwaka 1996.

Tundu la siriali la laptopu lina pini tisa: tano juu, nne chini. Pini namba 2 inapokea, namba 3 inapeleka, namba 5 ni ya kurudisha umeme. Kumbuka tatu hizo. Ni kama sikio, mdomo na ardhi ya kusimamia.

TUTAFUTE UBOVU KWA UTARATIBU

Anza na kilicho rahisi. Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadili vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

1. Tazama kisanduku cha mizani. Je, kimewaka? Namba imetulia? Lori likishuka, inarudi kwenye sifuri? Kama ndiyo, mizani inasoma. Ubovu uko njiani au kwenye kompyuta. Kama namba inarukaruka au haionekani, ubovu ni wa mizani yenyewe. Aitwe fundi wa mizani.

2. Tazama waya. Zima vyombo kwanza. Chomoa waya pande zote mbili, utazame pini. Iliyopinda? Yenye kutu? Vumbi la jasi limejaa? Kwetu huku chini ya milima ya Upare mvua ni haba na vumbi si mchezo. Safisha kwa brashi kavu, usitie maji. Fuata waya wote kwa macho: labda panya ameutafuna, labda gurudumu limeukanyaga. Kisha uchomeke, ukaze skrubu mbili za pembeni. Waya uliolegea ni chanzo cha taabu nyingi.

3. Uliza kama waya umebadilishwa. Ziko aina mbili zinazofanana kwa nje. Moja imenyooka: pini 2 inakwenda kwenye 2, na 3 kwenye 3. Nyingine imepishana: 2 inakwenda kwenye 3, na 3 kwenye 2. Ukiweka isiyofaa, mdomo unaongea na mdomo, sikio linasikiliza sikio. Hakuna kitakachopita, hata kama waya ni mpya kabisa.

4. Tazama jina la tundu. Kompyuta huyapa matundu majina: COM1, COM2, na kuendelea. Programu ya mizani lazima itajiwe jina lile lile la tundu lenye waya. Kama programu inasikiliza COM2 na waya uko COM1, kimya.

5. Tazama saa na tarehe ya laptopu. Msomaji atashangaa: tarehe inahusu nini? Ndani ya laptopu mna betri ndogo inayotunza saa na mipango ya msingi. Laptopu ikizeeka, betri hiyo hufa. Kila ikiwashwa inaonyesha tarehe ya miaka ya nyuma, na mipango inaweza kujirudisha ilivyotoka kiwandani. Huenda tundu la siriali limezimwa au limepewa jina jingine. Fundi aingie kwenye mipango ya msingi, aliwashe tundu, kisha abadili betri hiyo.

6. Zima laptopu, uiwashe upya. Tundu moja hutumiwa na programu moja kwa wakati mmoja. Programu nyingine ikiwa imelishika, ya mizani haipati kitu.

7. Linganisha kasi. Mizani na kompyuta lazima ziseme kwa kasi moja, kwa mfano ishara 9,600 kwa sekunde. Hapa pana dalili nzuri ya kukumbuka: kama kompyuta haionyeshi kitu kabisa, shuku waya, tundu au jina la tundu. Kama inaonyesha alama za ajabu zisizosomeka, ishara zinafika, ila kasi au mpango haulingani.

8. Jaribu tundu lenyewe. Kazi hii ni ya fundi. Anachomoa waya wa mizani, anaunganisha pini 2 na 3 za laptopu kwa kipande kidogo cha waya, kisha anaandika herufi kwa programu ya majaribio. Herufi zikirudi, tundu ni zima: mdomo umesema, sikio limesikia. Zisiporudi hata baada ya mipango kukaguliwa, tundu limekufa.

Tundu likifa, si lazima kununua laptopu nyingine. Kuna waya wa kuunganisha siriali na USB. Unahitaji programu yake, nao utapewa jina jipya la COM. Basi urudi hatua ya 4.

WAKATI TUNASUBIRI FUNDI

Ndugu, hapa ndipo kisomo chetu kinapolipa. Kompyuta haipimi. Inayopima ni mizani. Kompyuta inapokea namba na kuiandika tu. Ikinyamaza, uzito bado unaonekana kwenye kisanduku, na wewe unajua kusoma namba. Usikubali kukadiriwa.

Soma na kuandika namba mbili, karani naye aandike, wote mtie sahihi. Kwa mfano:

Lori na mzigo: kilo 28,460
Lori tupu: kilo 11,240
Mzigo peke yake: kilo 17,220

Hizo ni tani 17 na kilo 220. Mtu akikuambia, "Tuseme tani 16," amekupunguzia kilo 1,220. Zidisha kwa bei ya kilo moja, utaona hasara yako.

Onyo: mtu asifungue kisanduku cha mizani wala kukata lakiri yake ati anatafuta ubovu. Mizani ya biashara hukaguliwa na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, kwa kufuata Sheria ya Vipimo. Waya na kompyuta tunaweza kukagua. Mizani ina wenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kisanduku cha mizani kinaonyesha namba, kompyuta iko kimya. Kipi kinapima uzito?
2. Kompyuta inaonyesha alama zisizosomeka. Tutashuku nini kwanza?
3. Lori na mzigo ni kilo 24,900. Lori tupu ni kilo 10,350. Mzigo ni kilo ngapi?
4. Hapa kwetu, nani anaandika uzito upande wa wachimbaji? Kama hakuna, tumchague nani?