Shahidi Wako Usimtilie Jibu Kinywani

Ndugu wafanyakazi, ndoa ikivunjika mahakamani, shauri lililo zito kuliko yote si la nyumba wala la vyombo. Ni la mtoto: atakaa na nani? Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamwagiza hakimu atangulize ustawi wa mtoto. Yachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 afaa kukaa na mama yake, ingawa jambo hilo laweza kupingwa kwa ushahidi. Tena yamtaka hakimu, panapowezekana, apate ushauri wa mtu aliyesomea au aliyezoea mambo ya ustawi wa watoto. Ila halazimiki kuufuata.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yasahauliwayo. Mzazi akisikia kwamba Afisa Ustawi wa Jamii ameafikiana naye, hufurahi kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Humwuliza swali moja tu: "Je, si kweli kwamba mtoto afaa kukaa nami?" Naye hujibu, "Kweli." Mzazi huketi. Amepata nini? Swali lenye jibu ndani yake, upande wa pili ukilipinga, haliruhusiwi kwa shahidi wako mwenyewe pasipo idhini ya mahakama. Na jibu la neno moja halimpi hakimu sababu ya kuandika.

Yafaa aulizwe hivi: Kazi hii umeifanya miaka mingapi? Kwangu ulifika mara ngapi? Kwa mwenzangu je? Ulizungumza na mtoto, na mwalimu wake? Uliona nini kwa macho yako? Basi, kwa sababu gani umeshauri hivyo?

Lililo gumu zaidi, mwulize mwenyewe lile linalokudhuru. Kama wafanya kazi ya zamu ya usiku kiwandani, usingoje mpinzani alitoe. Uliza: "Usiku huo mtoto atalindwa na nani, nawe waridhika?" Kasoro iliyotajwa na mwenyewe hupungua uzito, iliyofichuliwa na mpinzani hutia shaka hata katika yaliyo kweli.

Wako wasemao: kwa nini tujisumbue na shahidi aliye upande wetu? Twawajibu: mtaalamu hakuja kwa ajili ya baba wala mama. Amekuja kwa ajili ya mtoto, ambaye mara nyingi hana wa kumsemea. Ahadi ya mwanachama yatutaka kusema kweli daima, nayo haikomi mlangoni pa mahakama.