Je, Wajua? Piza ya Kujipikia Nyumbani Machakos

Anayejua kusukuma chapati amekwisha kufika nusu ya safari ya piza. Nusu iliyobaki ni kuielewa hamira, kuumudu moto na kuujua mji unamopikia. Elimu hii inastahili kuwa katika kila jiko la nyumbani, kwani si ngumu.

Je, wajua kwamba, joto likiwa sawa, unga huumuka haraka zaidi Machakos kuliko Mombasa?
Mji wa Machakos uko takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni mdogo kuliko wa pwani kwa karibu asilimia 17. Hewa inayotolewa na hamira haibanwi sana, hivyo donge hufura upesi. Ukifuata vipimo vya watu wa pwani, huenda ukahitaji kupunguza hamira. Tena usitegemee saa. Litazame donge lenyewe. Likiwa maradufu, liko tayari.

Je, wajua kwamba hamira ni kiumbe hai?
Ni kuvu ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Hula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa kaboni dioksidi, nayo ndiyo inayoujaza mkate vishimo. Maji ya vuguvugu huiamsha, lakini yakifika nyuzi 60 huiua. Wakamba, wenyeji wa Machakos, wamewatumia viumbe wa jamii hii tangu zamani: pombe yao ya asali, uki, huchachushwa kwa tunda kavu la mwegea. Tunda hilo huanikwa na kutumiwa tena, kwa kuwa chachu hubaki ndani yake.

Je, wajua kwa nini tunakanda?
Unga wa ngano ukipata maji, protini zake hushikana na kuwa gluteni, utando unaovutika na kuizuia hewa isitoroke. Unga wa mahindi hauna uwezo huo. Kata kipande kidogo cha donge, ukivute taratibu kwa vidole mbele ya dirisha. Kikipitisha mwanga bila kuchanika, umekanda vya kutosha. Kikichanika mapema, lifunike donge dakika kumi lipumzike, kisha endelea.

Je, wajua kwamba piza ya Napoli huiva kwa chini ya dakika mbili?
Tanuri la kuni la mji huo wa Italia hufikia karibu nyuzi 485, na piza hutoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa waokaji wa piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Oveni nyingi za nyumbani hukomea karibu nyuzi 250, kwa hiyo ipashe moto kabisa kwanza, kisha iache piza humo kama dakika 12.

Je, wajua kwamba jiko la makaa linatosha?
Shida ya jiko ni kwamba moto hutoka chini tu. Tandaza unga kwenye kikaango kizito, uuache upande mmoja uive, ugeuze kama chapati, kisha paka mchuzi na jibini kwenye upande ulioiva na ufunike. Njia nyingine ni kuoka ndani ya sufuria nzito na kupalia makaa juu ya mfuniko. Pikia nje au mahali penye hewa ya kutosha: makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua.

Je, wajua nyanya zilikotoka?
Asili yake ni bara la Amerika. Zilifika Ulaya karne ya 16. Leo hulimwa pia katika Kaunti ya Machakos, ambako mashamba ya Yatta hunyweshewa maji ya Mto Thika kupitia mfereji uliochimbwa miaka ya 1950 na mahabusu wa Mau Mau. Kwa mchuzi wa piza, toa mbegu na uchemshe hadi mwiko ukipita uache njia chini ya sufuria. Mchuzi wa majimaji huulowesha mkate.

Je, wajua kwamba piza ya Zanzibar haihitaji hamira?
Kwenye bustani ya Forodhani, unga laini hutandazwa ukawa mwembamba, hujazwa nyama ya kusaga, kitunguu, yai na jibini, hukunjwa, kisha hukaangwa kwenye chuma bapa.

Vipimo vya kuanzia
Unga wa ngano gramu 500, maji mililita 320, chumvi gramu 10, hamira kavu gramu 3 na kijiko kimoja cha mafuta. Hutoa piza tatu. Ukikanda Ijumaa jioni na kuliweka donge kwenye friji, hamira itafanya kazi polepole usiku kucha na ladha itakolea. Jumamosi, mpe kila mtoto kipande chake asukume mwenyewe.