Vitabu Tulivyovisikia: Hadithi za Utotoni na Kupungua kwa Wasomaji (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza jinsi wenzetu wa lugha ya Urdu, wale wa Karachi na Lahore na Delhi, wanavyolilia majarida na hadithi za utoto wao: Phool, lililoanza kutolewa Lahore mwaka 1909, Naunehal, lililoasisiwa Karachi na Hakim Mohammed Said mwaka 1953, na hikaya za Amir Hamza, ambazo asili yake ni ndefu kupita kiasi, zikafupishwa kwa ajili ya watoto, nao wakazisoma usiku kwa kujificha wasionwe na wazee wao. Nikaahidi kwamba safari hii tutarudi nyumbani. Na nyumbani kwa mwandishi wa makala hii ni pwani ya kusini, baina ya Mikindani na mlango wa mto Ruvuma, ambako ukisimama Kitaya unaitazama Msumbiji ng'ambo ya maji.

Je, sisi nasi tunalilia nini? Sikiliza mazungumzo ya watu wa makamo wanapokutana matangani au harusini, baada ya chakula, pale ambapo hakuna tena habari mpya ya kuulizana. Mmoja atataja Kibanga Ampiga Mkoloni, wa pili atamkumbuka Bulicheka, wa tatu atadakia maneno ya ukurasa mzima kwa ghibu, na wote watacheka kama watoto, hata aliyekuwa mwalimu wao, akiwapo, atacheka. Ni jambo la kufurahisha, wala simlaumu mtu kwa kuukumbuka utoto wake. Lakini zingatia, msomaji mpenzi, kwamba hayo yote yametoka katika vitabu vya darasani, mfululizo ule wa Tujifunze Lugha Yetu. Mtu wa Lahore analilia jarida alilonunua kwa fedha yake ya sikukuu, ilhali sisi tunalilia kitabu cha mtaala, mali ya serikali, kilichorudishwa kabatini mwisho wa mwaka. Hamu yetu ya mambo ya zamani, ikichunguzwa vizuri, inashuhudia kwamba rafu yetu ilikuwa na kitabu kimoja tu.

Kwa sababu hiyo siungi mkono kauli ya wale wanaodai kwamba zamani tulikuwa taifa la wasomaji, kisha simu zikaja zikatuharibu. Vitabu vya darasani vilikuwa vichache. Wanafunzi wanne au watano walibanana kwa kitabu kimoja, na aliyekaa pembeni alijifunza kusoma mistari ikiwa imelala upande. Basi ilikuwaje vitabu haba namna ile vikahifadhiwa vifuani na watu wengi namna hii? Jawabu langu ni kwamba havikusomwa na wengi bali vilisikiwa na wengi. Mmoja alisimama akasoma, darasa likaitikia. Jioni akarudi nyumbani akawasomea wadogo zake. Na bibi asiyejua hata alifu akasahihisha mahali mjukuu aliporuka, kwa kuwa jana yake alikwisha kuisikia hadithi ileile.

Na jambo hili halikuanzia shule. Katika pwani yetu elimu ya maandishi iliingia kwa njia ya sikio tangu kale. Mtoto alipelekwa chuoni, akapewa kibao cha mti na wino wa masizi, na kusoma kwake kulikuwa kupaza sauti pamoja na wenzake hata wapita njia wakajua somo limefika wapi. Tenzi nazo hazikutungwa ili mtu azisome peke yake pembeni. Utenzi wa Ras'l Ghuli, kazi kubwa ya Mgeni bin Faqihi, ulihitaji msomaji mmoja mwenye sauti na baraza iliyojaa wasikilizaji wenye subira, na vita vyake vilisimuliwa usiku baada ya usiku. Huo ndio Amir Hamza wetu, ukitaka mfano.

Askofu Edward Steere alipochapisha Swahili Tales mjini London mwaka 1870, hakufanya zaidi ya kuyaweka katika karatasi yale aliyoyapokea vinywani mwa watu wa Unguja. Misheni yake, Universities' Mission to Central Africa (UMCA), ilipofika Masasi mwaka 1876, maandishi ya Kiswahili yakaanza kupanda kutoka pwani kwenda bara ya kusini, na mwaka 1888 wanafunzi na walimu wa shule ya misheni hiyo ya Kiungani, Unguja, wakaanza kutoa gazeti la Msimulizi. Baadaye serikali ya Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo mwaka 1923. Gazeti hilo lilikuja mara moja kwa mwezi, na aghalabu nakala moja ilihudumia mtaa mzima: karani au mwalimu alikaa barazani, watu wakamzunguka, akasoma habari, barua na mashairi ya majibizano, kisha mabishano yakaendelea hata toleo la pili likawadia. Anayehesabu wasomaji wa zamani kwa idadi ya nakala zilizouzwa anakosea hesabu kwa kiasi kikubwa sana.

Ndipo zikaja tafsiri. Mwaka 1929 zilitoka Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, kazi za Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili. Na Alfu Lela Ulela nayo ikapata vazi la Kiswahili katika zama hizohizo. Ni ajabu kidogo kwamba riwaya za kwanza kusomwa na baba zetu zilihusu maharamia wa Kiingereza na Wazungu watatu wanaotafuta almasi katika ardhi ya watu. Walimu wangu wengine walizichukia kwa sababu hiyo. Mimi nadhani wasikilizaji wengi walimpenda Umbopa, Mwafrika mwenzao wa safari, kuliko hao Wazungu watatu, na hadithi ikishatoka kinywani mwa msomaji wa baraza, mwenyewe aliyeiandika hana tena amri juu yake.

Lakini kitabu ninachotaka kukaa nacho kitako ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Kisa chake kina asili katika Alfu Lela, na mtungaji hakuficha ladha hiyo; ila ameisuka upya mpaka imekuwa yake. Mtumishi wa mfalme, Ikibali, anatumwa kukusanya kodi katika mji wa Janibu unaotawaliwa na Adili, mtu mwema anayesifiwa na kila raia. Usiku Ikibali anagundua kwamba mwenyeji wake, yule mpole, huamka kwa siri akaenda kuwapiga mijeledi manyani wawili waliofungwa, akiwapiga huku analia, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Kwa nini? Mwandishi halijibu swali hilo upesi. Anamwacha msikilizaji na manyani wale, na mijeledi ile, na machozi yale, mpaka Adili aitwe mbele ya mfalme kuhojiwa. Mtu aliyepata kumsomea mtoto mahali hapo anajua kinachotokea: mtoto anakataa kulala. Kitabu hiki kimepangwa kwa ajili ya sikio. Sentensi zake zina mizani ya mtu anayenena, na sura zake zinakatika pale ambapo taa ingezimwa.

Wakati huo vitabu vilikuwa na wa kuvisambaza pia: mwaka 1948 lilikuwa limeundwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Nairobi. Pamoja na kuchapisha, shirika hilo lilikuwa na kazi ambayo leo imesahauliwa: lilipeleka makasha ya vitabu mahali pasipo na maktaba, na likawaazima wasomaji vitabu kwa posta. Shindano lake la uandishi wa hadithi la mwaka 1957-58 ndilo lililotupa Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, kilichochapwa mwaka 1960, na mpelelezi Bwana Msa akazaliwa na kiko chake mdomoni.

Baada ya uhuru ikaja kampeni ya kisomo. Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita zilizotakiwa kuondoa ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971, na Masasi ya kwetu ilikuwa mojawapo. Mwaka 1967 wasiojua kusoma walikuwa takriban watu 67 katika kila 100. Mwaka 1975 walishuka hadi 39. Na kufikia 1986 walihesabiwa kuwa kama 10 tu. Hata katika kampeni za wakati huo sikio halikuachwa nyuma. Mwaka 1973, katika kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikutana makundi kwa makundi kuzunguka redio, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wengine wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na kwa watoto kulikuwa na Mama na Mwana, kipindi cha Redio Tanzania, ambamo Deborah Mwenda alisimulia hadithi kwa sauti ambayo waliokuwa watoto wakati huo wanaitambua hata leo kabla hajamaliza neno la kwanza.

Mwaka 1977 ndipo uzi ulipokatika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Shirika la Vitabu likavunjika nayo. Mwaka huohuo elimu ya msingi ikafanywa ya wote, madarasa yakafurika, na mara vikafuata vita vya Uganda na upungufu wa fedha za kigeni, hata karatasi ikawa anasa. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo hakikuanza kazi mpaka mwaka 1985. Alhasili, mamilioni walifundishwa kusoma wakati uleule ambapo cha kusoma kilikuwa kinatoweka.

Lakini umaskini wa vitabu peke yake haukutosha kuua mazoea, kwa kuwa umekwisha kuona kwamba tulikuwa maskini wa vitabu tangu awali. Kilichoua, kwa rai yangu, ni mtihani. Hadithi ilipoingia darasani ili iulizwe maswali, ilikatwa vipande: kifungu cha habari, halafu maswali ya ufahamu, halafu alama nyekundu. Mtoto akaambiwa asome kimya, kwa kuwa kwenye chumba cha mtihani hakuna kusema. Msomaji mwenye sauti, aliyekuwa fahari ya darasa, akawa mkorofi anayewasumbua wenzake. Utafiti wa kwanza wa asasi ya Uwezo, mwaka 2010, uliona kwamba ni kama mtoto mmoja tu katika kila watatu wa darasa la tatu aliyeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na tangu hapo kumekuwa na vikao, warsha na miradi. Vitabu navyo vimeongezeka. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umenunua na kugawa shuleni nakala nyingi za hadithi nzuri zenye picha. Nenda ukazitafute. Katika shule zaidi ya moja ya vijijini utazikuta zimefungiwa katika kabati la mwalimu mkuu, mpya, zinanukia wino, kwa hofu kwamba wanafunzi watazichafua na mkaguzi atauliza.

Watu wa mjini wanaposema kwamba watoto wa Kitaya hawapendi kusoma, napenda niwaulize wamefika huko mwezi gani. Mpunga wa bonde la Ruvuma unapokaribia kuiva, mtoto yuko juu ya dungu tangu alfajiri akiamia ndege. Korosho zinapoanguka, yuko chini ya mikorosho na bibi yake. Na kijiji hiki ndicho kilichovamiwa mwezi Oktoba 2020 na waasi waliovuka kutoka Cabo Delgado, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Mtoto aliyekimbia usiku ule hadaiwi hesabu ya vitabu na mtu yeyote. Halafu shule zikifungwa, mtoto huyohuyo anaingia jandoni au unyagoni, akahifadhi nyimbo, mafumbo na majibu yake, mambo mengi kuliko yaliyomo katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka mzima, tena bila kalamu, na miaka arobaini baadaye bado anayo. Mwenye kumbukumbu ya namna hiyo hana maradhi ya kutopenda maneno. Anazo saa nyingi juu ya dungu, na sauti, na wadogo zake chini wanaomsikiliza. Kilichobaki kabatini ni kitabu.

Simu nayo naitetea kidogo, ingawa najua wazee wenzangu watanikasirikia. Kijana wa leo wa pale kivukoni husoma kwa siku herufi nyingi kuliko babu yake alizosoma kwa mwezi. Ila anazisoma peke yake, kipande kipande, na hakuna anayemwambia, endelea, halafu ikawaje.

Tangu mwaka 2023 inatolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, nami naifurahia, kwa kuwa mwandishi anayelipwa ataandika tena. Hata hivyo tuzo humtafuta mwandishi, nasi upungufu wetu mkubwa uko kwa yule wa katikati, aliyekaa barazani na Mambo Leo mkononi. Napendekeza jambo dogo lisilohitaji mfadhili: kipindi cha mwisho cha siku, angalau mara mbili kwa juma, mwalimu achukue hadithi moja aisome kwa sauti, bila maswali, bila madaftari, na kengele ikilia afunge kitabu hata kama Ikibali ameishika taa mlangoni. Nimeambiwa na walimu kwamba darasa lina watoto tisini na vitabu havitoshi. Kwa kazi hii nakala moja inatosha, na hiyo moja imo kabatini.

Sehemu ya tatu, inshallah, itahusu wachapishaji: bei ya karatasi, safari ya kitabu kutoka Dar es Salaam mpaka Mtwara, na kwa nini duka la vifaa vya shule linauza madaftari na kalamu lakini haliuzi hadithi.